Viduara vya saruji ukingoni mwa slabu, na mkaguzi aliyeandika "sijabaini"

"Nataka kununua fleti ghorofa ya tatu, katika jengo la ghorofa sita lenye umri wa miaka kama thelathini. Nilimlipa mkaguzi wa nyumba aipitie kabla sijasaini. Mabomba, umeme, madirisha na unyevu kaeleza vizuri. Ila ukurasa wa 11 kaandika hivi: 'Ukingoni mwa slabu, upande wa roshani, kuna mstari wa viduara vya saruji yenye rangi tofauti na zege, kipenyo kama sentimita 6 hadi 7, vimeachana kama mita moja. Kimoja kimepasuka na chini yake kuna mchirizi wa kutu. Sijabaini ni nini. Napendekeza mhandisi wa miundo aangalie kabla ya ununuzi. Slabu isitobolewe mpaka hapo.' Muuzaji ananiambia ni matundu ya jukwaa la mafundi yaliyozibwa. Rafiki yangu anasema hapana, ni nyaya zilizovutwa ndani ya zege, na majengo ya hivyo waya mmoja ukikatika yanashuka yote, kama lile la Surfside kule Marekani. Mimi nilipanga kuhamisha choo, na fundi amesema kutoboa tundu la inchi nne ni kazi ya nusu siku. Sasa huyu mkaguzi nimemlipa kwa kutojua? Kwa nini asingetoboa kidogo akaona? Ninunue au niache? Na choo changu je?"

Ndugu yangu, nianze na lisilosubiri: mpigie fundi wako umwambie drili ibaki kwenye sanduku lake. Mengine yote tutayazungumza kwa utulivu. Tundu la inchi nne kwenye slabu hiyo, kabla ya mtu kujua ndani yake kuna nini, ndilo jambo pekee katika swali lako lililonishtua.

Hapo ulipo umezungukwa na watu watatu. Muuzaji ana jibu jepesi, rafiki ana jibu la kutisha, mkaguzi hana jibu, nawe unamlaumu huyo wa tatu. Mimi naona ndiye aliyekutendea haki. Muuzaji simwiti mwongo. Huenda aliambiwa hivyo na aliyemuuzia yeye. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye kuuza hawezi kuwa ndiye mpimaji. Rafiki yako naye amekaribia sana ukweli kuhusu kilichomo ndani ya zege, kisha akapotea njia alipofika kwenye kitakachotokea.

Kwa maelezo ya ukurasa wa 11 (duara la sentimita 6 au 7, mstari ulionyooka ukingoni mwa slabu, nafasi karibu sawa), nadhani mnachokitazama ni vizibo vya nanga za kebo (nanga ni kishikizo cha chuma kinachoing'ang'ania ncha ya kebo). Yaani slabu za jengo hilo ni za zege lililokazwa kwa kebo za chuma baada ya kumwagwa na kukauka. Siwezi kuapa kwa maneno ya karatasi tu. Lakini wewe mwenyewe unaweza kuongeza uhakika kwa macho, bila kugusa kitu.

Shuka chini, zunguka jengo, tazama uso wa pembeni, ule unaokutana na uso wa roshani kwenye kona. Katika slabu za namna hii, mara nyingi kebo za uelekeo mmoja hutandazwa kwa kuachanishwa, na za uelekeo wa pili hukusanywa kwenye mstari wa nguzo. Kwa hiyo uso mmoja utaviona viduara kimoja kimoja au viwili viwili kwa nafasi, na uso wa pembeni utaviona vimesongamana vinne, sita, hata nane palipo na nguzo, halafu patupu mpaka nguzo inayofuata. Ukikuta mpangilio huo, hadithi ya jukwaa imekwisha. Hakuna fundi wa jukwaa anayetoboa ukingo wa slabu kwa utaratibu huo.

Tazama pia viduara viko wapi kwenye unene wa slabu. Nanga hukaa karibu na katikati ya unene. Vipande vya slabu vinavyotengenezwa kiwandani navyo vina nyaya, ila ncha zake hujipanga karibu na uso wa chini, nazo ni vidoti vidogo vya chuma. Matundu ya kufungia fomu (zile mbao za kumwagia zege) huwa kwenye kuta na nguzo, na ni madogo zaidi. Na usishangae ukikuta uso wa nyuma hauna kiduara hata kimoja. Kebo fupi huvutwa upande mmoja tu. Nanga ya ncha ya pili huzikwa ndani ya zege tangu siku ya kumwaga, na haionekani tena. Wakaguzi wengi hudanganyika hapo: wanatazama upande usio na vizibo, wanaandika slabu ya kawaida.

Dalili nyingine ni wembamba. Nenda kwenye ngazi, mahali slabu ilipoachwa wazi ngazi ipite, upime unene wake. Kisha pima umbali wa nguzo hadi nguzo. Slabu iliyokazwa inaweza kuvuka mita 8 ikiwa na sentimita 20 tu za unene, bila boriti chini yake. Slabu ya nondo za kawaida kwa umbali huo ingehitaji unene zaidi au boriti.

Sasa kwa nini mtu ahangaike kuvuta kebo ndani ya zege? Zege ukilibana ni jabali, ukilivuta ni chaki. Uwezo wake wa kuvumilia kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kubanwa. Slabu ikibeba mzigo huinama kidogo. Katikati ya nafasi uso wa juu hubanwa, uso wa chini huvutwa. Nondo za kawaida huwekwa pale panapovutwa, na kazi yake hasa huanza zege likishaachia nyufa nyembamba. Kebo haisubiri ufa.

Fikiria kitanda cha kamba. Kamba ikiwa legelege, ukilala mgongo unagusa sakafu. Ikiwambwa ikakaza mpaka ukiigonga kwa kidole inalia, inakubeba. Halafu tazama fremu: zile mbao zinabanwa na kamba usiku na mchana, hata kama hakuna aliyelala. Slabu yako ni fremu na kamba kwa pamoja. Zege limebanwa tangu mwanzo, kwa hiyo mzigo unaotaka kulivuta unalazimika kwanza kuumaliza ule mbano. Ndiyo maana slabu inakuwa nyembamba na bado haining'inii.

Mfaransa Eugène Freyssinet ndiye aliyelifanya wazo hili liwe kazi ya kila siku, kwa hataza ya mwaka 1928. Lakini somo lake alilipata mapema zaidi, kwenye daraja la zege aliloujengea mto Allier, pale Le Veurdre, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Matao yake yalianza kushuka polepole baada ya daraja kukamilika. Akarudi na jeki, akayainua, akaziba. Hapo akaelewa kwamba zege lililobanwa huendelea kusinyaa kidogo kidogo kwa miaka. Ukilikaza kwa chuma dhaifu kilichovutwa kidogo, kule kusinyaa kunaimeza nguvu yote na unabaki na kamba iliyolegea. Dawa ni chuma kikali sana, kivutwe sana, ili hata zege likisinyaa mvuto uliobaki utoshe. Ndiyo sababu kebo hizi si nondo. Nondo ya kawaida huanza kukubali kunyooka ikifika megapaskali (kipimo cha nguvu kwa kila eneo la chuma) 400 hadi 500. Kebo ya kawaida ya siku hizi hukatika ikifika karibu 1,860.

Nimewahi kusimama pembeni ya kazi ya kukaza. Kebo yenyewe si kitu cha kutisha kuitazama: unene wa milimita 12.7, kama kidole chembamba, nyaya sita zimesokotwa kuzunguka moja ya katikati. Fundi anapuliza mstari wa rangi kwenye mkia wa kebo unaotokeza nje ya zege. Anaingiza jeki ya haidroliki, pampu inanguruma, mshale wa geji unapanda, na ule mstari wa rangi unaanza kutembea kutoka kwenye zege mbele ya macho yako. Kebo ya mita 30 hutoka kama sentimita 20. Wakati huo inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 15, kebo moja, unene wa kidole. Kisha jeki inaachia, kabari mbili ndogo zenye meno zinaing'ata kebo ndani ya nanga, na mvuto unabaki humo kwa maisha yote ya jengo. Wanapima mstari wa rangi umesogea kiasi gani, wanaandika, wanakata mkia, wanaziba tundu kwa saruji isiyosinyaa. Kile kizibo ndicho kiduara chako. Na niongeze hili, kwa sababu nililifundishwa kwa kuvutwa shati: wakati wa kukaza hakuna anayesimama mbele ya nanga.

Kebo hazilali kwa mstari mnyoofu. Juu ya nguzo hupanda karibu na uso wa juu wa slabu, katikati ya nafasi hushuka karibu na uso wa chini, kama kamba ya kuanikia nguo. Mahali pengine zege linalozifunika halizidi sentimita mbili au tatu. Kwa hiyo hata skrubu ndefu ya kuning'iniza dari, ikipigwa kutoka chini katikati ya chumba, inaweza kuigusa.

Kuna aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayojibu hofu ya rafiki yako. Ya kwanza, kila kebo imepakwa grisi na kuvikwa ganda la plastiki; inateleza ndani ya zege na imeshikwa kwenye ncha zake tu. Ya pili, kebo kadhaa zimepitishwa kwenye bomba bapa lenye mikunjo, na baada ya kukazwa bomba linajazwa uji wa saruji, kebo na zege vinagandana. Majengo ya Marekani hutumia zaidi aina ya grisi. Australia hutumia zaidi ile ya uji wa saruji. Viduara vidogo vya pekee kama vyako huashiria ile ya grisi. Ile nyingine kwa kawaida huacha kiraka kikubwa cha mstatili.

Rudi kwenye kitanda. Kamba moja ndefu ukiikata mahali pamoja, italegea urefu wake wote. Hiyo ndiyo kebo ya grisi: ukiikata chini ya choo chako, inapoteza kazi kutoka nanga hadi nanga, hata chini ya sebule ya jirani usiyemjua. Na kwa kuwa ilikuwa imevutwa, inaweza kuchomoka ghafla, kurusha kizibo nje ya ukingo wa jengo, au kupasua zege na kujitokeza kama kitanzi. Mwenye drili yuko hatarini, na anayepita chini barabarani pia. Lakini kama kila makutano ya kamba yangekuwa yamegandishwa kwa gundi, mkato mmoja ungelegeza sehemu ndogo tu. Hiyo ndiyo kebo ya uji wa saruji. Inapoteza nguvu pale ilipokatwa na jirani yake, kisha inashikwa tena na zege mbele kidogo.

Je, jengo lote linashuka kwa kebo moja? Hapana. Slabu ina kebo nyingi, za pande mbili, pamoja na nondo za kawaida hasa juu ya nguzo. Kukatika kwa kebo moja ni hasara inayohitaji matengenezo. Kwenye aina ya grisi, kebo mbovu huweza hata kuchomolewa na mpya kupitishwa kwenye ganda lile lile. Hatari ya kweli ni nyingi kupotea kimya kimya kwa miaka, kwa kutu au kwa kutobolewa na kila mwenye nyumba kwa zamu yake.

Na Surfside si mfano wa rafiki yako. Jengo la Champlain Towers South lililoanguka Florida tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98 lilikuwa la nondo za kawaida, halikuwa la kebo za kukazwa. Kama anataka mfano unaohusu kebo, kuna daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales. Lilikuwa la vipande vya zege vilivyounganishwa kwa kebo, maji yenye chumvi ya barabarani yakapenya kwenye maungio, kebo zikaliwa, na mwezi Desemba 1985 likaanguka bila ya onyo. Hakuna aliyeumia. Mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya kebo zilizojazwa uji wa saruji, ikaendelea tena mwaka 1996 baada ya kukaza masharti. Daraja lile halikuwa na njia nyingi za kubeba mzigo kama ilivyo slabu ya ghorofa. Ila jambo moja linahusu hata kwako: kebo ikioza ndani, zege la nje linaweza kuonekana zima.

Hapo ndipo kile kizibo kilichopasuka kinapopata uzito. Kizibo ni mlango wa mwisho wa maji. Kikipasuka, mvua inafika kwenye nanga, kabari na ncha ya kebo. Na kwenye aina ya grisi, maji yakipata upenyo kwenye ganda huweza kutiririka ndani yake na kutulia pale kebo iliposhuka, mbali na pale yalipoingilia. Kebo za kwanza kabisa za aina hii Marekani zilifungwa kwa karatasi juu ya grisi, nazo ziliteseka sana. Jengo la miaka thelathini lina uwezekano mkubwa wa kuwa na plastiki, ambayo ni afadhali. Wakati huo huo usiuone mchirizi wa kutu ukadhani umeona kebo inayokufa. Unaweza kutoka kwenye nondo ya kawaida iliyo karibu na ukingo, kwenye msumari uliosahauliwa na fundi wa fomu, au kwenye uso wa nanga yenyewe, ambayo ni kipande kinene cha chuma kinachovumilia kutu ya juu juu kwa muda mrefu. Kwa rangi ya mchirizi peke yake hakuna wa kukuambia ni kipi. Wala usichokonoe kizibo kwa tindo ili uone.

Sasa mkaguzi. Ukaguzi wa nyumba kwa ajili ya mnunuzi ni kazi ya macho. Kanuni za ASHI, chama cha wakaguzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, zinauelezea kama uchunguzi wa sehemu zinazofikika na kuonekana kwa urahisi, na wakaguzi wa nchi nyingine hufanya kazi kwa roho hiyo hiyo. Hafumui ukuta, hatoboi, hafunguifungui vitu, na sababu si uvivu. Nyumba si yake. Na bado si yako! Slabu kwa kawaida ni mali ya wenye jengo wote, kwa kuwa sakafu yako ni dari ya mwingine. Ungemwambia atoboe kidogo aone, angekuwa amefanya kosa lile lile alilokuandikia uliepuke.

Nakuambia haya kwa sababu nimekaa upande ule mwingine. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuta mstari kama huo na sikujua ni nini. Niliona haya kuandika "sijui" kwenye ripoti ya mtu aliyenilipa, nikaandika "matundu ya fomu yaliyozibwa, hayana madhara". Wiki mbili baadaye mwangalizi wa jengo, mzee mpole, alinikunjulia ramani ya karatasi iliyochakaa, mistari ya kebo imepinda kama mawimbi kutoka nguzo hadi nguzo, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeiona. Ilinibidi nimpigie mteja na kufuta maneno yangu kabla fundi wake hajaanza kutoboa njia ya bomba la kiyoyozi. Mkaguzi wako ameandika alichokiona kwa vipimo, amekiri asichokijua, amesema nani aulizwe na nini kisifanywe kabla. Ningekuwa na lawama, ni moja ndogo: angekupigia simu kukueleza ukurasa huo badala ya kuuacha kati ya madirisha na bomba la sinki.

Mhandisi utakayemtafuta awe wa miundo, na umuulize waziwazi kama ameshawahi kushughulika na slabu za kebo za kukazwa. Wapo wazuri ambao hawajawahi. Akijua kazi, hataanza na mashine, ataanza na karatasi: michoro ya jengo, hasa ile ya mpangilio wa kebo, na daftari la siku ya kukaza lenye vile vipimo vya mstari wa rangi. Waulize uongozi wa jengo, mamlaka iliyotoa kibali cha ujenzi, au ofisi iliyosanifu. Michoro ikipatikana, nusu ya gharama imeokolewa.

Hatua inayofuata ni rada ya kupenya zege. Ni kigari kidogo kinachosukumwa juu ya sakafu, kinatuma mawimbi na kusoma yanaporudishwa na chuma. Mwendeshaji mzoefu hutenganisha kebo na nondo kwa jinsi kina cha kebo kinavyopanda na kushuka, kisha anachora mistari sakafuni kwa chaki. Rada inakuonyesha kebo ilipo, haikuonyeshi uzima wake. Kwa afya yake, mtaalamu hufungua kizibo kimoja au viwili, au anafukua sehemu ndogo ya zege kwa uangalifu na kuangalia kebo uso kwa uso. Kwenye kebo ya grisi kuna jaribio la kizamani ninalolipenda: anajaribu kuingiza ncha ya bisibisi bapa kati ya nyaya zilizosokotwa. Kebo iliyokaza haimkubalii. Ikiingia, kuna waya uliokatika mahali fulani kwenye urefu wake. Panapowezekana, hufunga jeki kwenye nanga na kupima mvuto uliobaki.

Ununue? Kwa niliyosoma, sioni sababu ya kukimbia. Slabu za namna hii ni za kawaida kabisa kwenye maghorofa na maegesho duniani, na zinazotunzwa vizuri hufanya kazi bila kelele. Ila usisaini ukiwa hujui. Omba ununuzi uwe na sharti la ripoti ya mhandisi, au angalau muda uongezwe. Muuzaji akikataa katakata mtu asiangalie vizibo vya nje, hilo nalo ni jibu. Omba pia kumbukumbu za mikutano ya wenye jengo: je, kuna kebo zilizowahi kukarabatiwa, kuna paa au roshani zinazovuja, kuna fungu la matengenezo? Ukarabati wa slabu hauishii kwenye fleti moja, gharama hugawanywa kwa wote, na wewe ukishanunua ni mmoja wao.

Swali ambalo watu hulisahau, nami ningeliuliza kabla ya yote: nani ameshatoboa? Pita kwa wa juu yako na wa chini yako, tazama mabomba mapya, njia za viyoyozi, jiko lililohamishwa. Kutu kwenye kizibo kimoja kunanitia wasiwasi kidogo. Matundu manne ya inchi nne yaliyopigwa na mafundi wanne kwa miaka thelathini bila rada yangenifanya nisitishe kila kitu mpaka slabu ipimwe.

Choo basi. Njia ya kwanza ni kutotoboa kabisa. Kuna choo kinachotoa maji kwa nyuma badala ya chini, bomba linapita juu ya sakafu mpaka kwenye bomba kuu lililopo. Linahitaji mteremko, ukichukua sentimita 1 kwa kila sentimita 40, umbali wa mita 4 unakula sentimita 10, ongeza unene wa bomba, na huenda ukalazimika kukipandisha choo juu ya jukwaa. Wengine hawalipendi jukwaa hilo, lakini halina hatari. Njia ya pili ni choo chenye pampu ya kusaga, bomba jembamba, mteremko kidogo. Kinapiga kelele na umeme ukikatika nacho kimegoma. Njia ya tatu ni tundu lile lile la inchi nne, baada ya rada na kwa idhini ya maandishi ya mhandisi na ya uongozi wa jengo. Usikate tamaa nayo: kebo zikiwa zimeachana kama mita moja, kati yake kuna nafasi halisi, na matundu ya hivyo hupigwa salama mara nyingi. Karibu na nguzo usiombe hata ruhusa, kwa sababu pale slabu inapigana na nguzo isiitoboe, na kebo na nondo zimejazana.

Ukishahamia, au hata wakati wa kukagua, kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Mlio mkali wa ghafla kutoka sakafuni au darini kama kitu kimekatika. Kizibo kilichorushwa nje. Kitanzi cha waya kilichochomoza kwenye dari, sakafu au roshani. Doa la grisi darini. Zege linalodondoka karibu na nguzo. Milango kadhaa iliyoanza kukwama kwa pamoja huku sakafu ikionekana kuzama. Ukiona mojawapo, toa watu juu na chini ya sehemu hiyo, zuia wanaopita mbele ya ukingo wa slabu, na mwite mhandisi siku hiyo hiyo. Zege likidondoka au sakafu ikizama, watu watoke nje ya jengo kwanza, simu zipigwe wakiwa nje.

Kwa wiki hii, kazi yako ni ndogo. Piga picha za nyuso zote nne za jengo ukiwa mbali, kisha karibu na kile kizibo kilichopasuka, ukiweka kitu cha kulinganishia ukubwa kwenye picha. Pima unene wa slabu kwenye ngazi na umbali wa nguzo. Ukimpata mhandisi, mpelekee hayo pamoja na ukurasa wa 11 kama ulivyo, na umpe namba ya mkaguzi wako wazungumze wenyewe.